Simu Kumi za Namba 114

Barua ilikuwa imefungwa kwa gundi pande zote, na kabla hujaipata ilibidi utie saini kwamba umeipata. Hapo hapo Edina akaingiwa na wasiwasi. Tangu lini mtu akupe kitu, kisha akudai ushahidi kwamba amekupa? Katika miaka yake hamsini na miwili pale Iyula, waliomtaka saini kabla ya maelezo walikuwa watu wenye lao jambo.

"Tia tu, mama Edina," alisema Sadoki, karani wa kikundi cha kahawa, aliyeitoa barua hiyo Vwawa kwa pikipiki na sasa alikuwa anapangusa vumbi usoni. "Bila saini yako naambiwa niirudishe."

"Airudishe aliyeiandika," alisema Edina, lakini akatia saini, maana kutojua kilichomo kulimuuma kuliko kujua.

Ilitoka kampuni ya simu ya Nyota Mbili. Sadoki aliisoma kwa sauti ya kuhutubia, mpaka alipofika katikati sauti ikapungua yenyewe. Ndani mlikuwa na orodha ya simu kumi zilizouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, zote kwa jina la Edina Mgode, mwanachama namba 114. Kila simu ilikuwa na mstari wake: tarakimu kumi na tano za utambulisho, bei ya taslimu, bei ya mkopo, miezi iliyolipwa. Mistari tisa ilikuwa imelipiwa miezi yote tisa. Mstari mmoja ulikuwa na sifuri tupu, kuanzia Februari hadi Oktoba. Elfu tisini. Na chini kabisa, kwa herufi nene, kwamba zisipolipwa ndani ya siku kumi na nne, deni la simu zote kumi litaiva kwa mpigo mmoja na kampuni itaomba kikundi kizuie malipo ya pili ya mwanachama huyo.

Malipo ya pili! Edina alikaa kwenye gogo bila kuambiwa karibu.

Ni lazima ieleweke malipo ya pili yalikuwa na maana gani kwake Novemba ile ya mwaka 2014. Mkulima wa kahawa hulipwa mara mbili: kidogo anapopeleka, na kilichobaki baada ya mnada. Cha kwanza kilikuwa kimekwenda na mbolea na karo. Cha pili kilikuwa ni paa. Mwezi uliopita upepo ulikuwa umeling'oa paa lote la nyumba yake na kulibwaga bondeni, na tangu siku hiyo Edina alikuwa analala jikoni, kuku upande huu, yeye upande ule. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye duka wa Mlowo amwekee mabati arobaini. Mvua zilikuwa zimeshaanza kunyunyiza jioni jioni, na wote walijua kwamba hizo zilikuwa salamu tu, zenyewe zinakuja.

"Nani huyu hajalipa?" aliuliza.

"Haikuandikwa jina. Jina ni lako zote kumi."

Na hapo ndipo penye kisa. Kikundi kilimpokea mtu mwenye miti mia tatu na kwenda mbele. Marehemu Osea, mumewe Edina, alikuwa na miti mia nane, akapewa namba 114, na alipofariki mkewe akairithi. Wenye miti hamsini, miti themanini, wangeuza wapi? Kwa wale walanguzi wanaonunua kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kukutukana? Basi walifanya kama ilivyozoeleka: wanapeleka kahawa yao kwa namba ya jirani. Majirani kumi walipitisha kahawa yao kwenye 114. Fedha ikitoka, Edina anafungua daftari, anagawa kwa kilo, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumnung'unikia hata shilingi. Kwenye makaratasi ya kikundi Edina alionekana tajiri wa tani nne. Nyumbani alikuwa Edina yule yule wa kandambili.

Kwa hiyo Gibson, wakala wa Nyota Mbili, alipokuja Februari na sanduku la simu za kioo kipana, elfu tisini taslimu au elfu kumi kumi kwa miezi kumi na miwili, akasema kwamba siku hizi serikali inataka mkopeshaji ahakikishe mkopaji ana uwezo, watu hawakuumiza kichwa. "Andika 114," alisema mmoja, na wengine wakaitikia. Kama kahawa ilipita kwa namba ya Edina, simu ingeshindwa nini? Gibson alitazama tani nne kwenye karatasi, akatabasamu, akaandika. Edina alitia saini mpaka kifundo cha mkono kikauma. Mwisho kabisa Gibson akamwekea simu moja mkononi. "Hii yako, mama. Zawadi. Umetuletea wateja kumi." Edina aliipokea kwa mikono miwili na kumwombea Mungu ambariki.

Sasa Sadoki alikuwa anakunja barua. "Zamani wangezima simu kimya kimya, mama. Sasa wamebanwa. Kuna masharti mapya kwa wanaokopesha vitu: lazima waorodheshe kila simu, waseme bei yote, wakupe siku kumi na nne. Ni kwa faida yako."

"Wamekuwa wema lini?" alisema Edina. "Mtu akianza ghafla kunipa siku za kufikiri, najua ameshafikiri yeye."

Usiku huo alihesabu majirani zake kumi kwenye vidole, akawaona kumi kwenye barua, hesabu ikakaa sawa. Mmoja kati ya kumi alikuwa anakula malipo yake na kumcheka. Ubaya wa shaka ni kwamba haina adabu. Ukishaifungulia mlango inakwenda kukaa kwenye kiti cha mgeni. Kufikia asubuhi Edina alikuwa amekwisha kumhukumu kila mtu mara mbili.

Alianza kuzunguka. Kwa huyu alisema amekuja kuomba chumvi, kwa yule mbegu za maboga, na kila alipokaa macho yake yalitafuta simu. Wanane aliwaona nazo, wanazichezea, wanapigana picha na ng'ombe. Kila aliyeulizwa aliapa kwamba kila mwezi ameteremka na simu yake mpaka duka la Nyota Mbili pale Mlowo, tarakimu zikasomwa, elfu kumi ikapokelewa. Lakini mwizi gani huapa vibaya?

Wawili hakuwaona na simu. Mmoja ni Timotheo, mzee wa miti hamsini, aliyecheka tu na kusema mambo ya vioo hayamhusu. Wa pili ni Marita.

Marita alikuwa dada wa marehemu Osea, yaani wifi yake Edina, na ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi asianguke kaburini. Ndiyo maana iliuma zaidi.

"Wifi, simu yako iko wapi?" Edina aliuliza, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Ipo."

"Mbona tangu Februari sijakuona nayo hata siku moja?"

"Ipo tu, wifi. Karibu uji."

"Nionyeshe basi."

Marita alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Leo sijaiweka karibu. Na wewe unauliza kama askari wa mpakani."

Hilo neno, mpakani, Marita alilitamka bila kuwaza, lakini Edina alilidaka na kulifungia kwenye khanga. Kwani Sunday, mtoto wa kwanza wa Marita, hafanyi biashara Tunduma? Si anavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi mara tatu kwa siku, begi mgongoni? Na kijana mwenyewe akatokea saa hiyo hiyo, yuko nyumbani kwa mapumziko, miguuni viatu vyeupe ambavyo hata tope la Iyula lilikuwa linavionea aibu.

"Mulishani, mama!" alisalimia kwa Kibemba cha sokoni, akicheka.

"Marahaba," alijibu Edina kwa makusudi. "Hivi Sunday, huko Nakonde simu za huku zinauzika?"

"Mbona zinakwenda fasta, mama! Ukiwa nazo kumi asubuhi, mchana huna hata moja. Unazo?"

"Nilikuwa nazo," alisema Edina, akamtupia jicho Marita. Uji hakuunywa.

Jumapili iliyofuata, siku ya sita tangu barua, mvua ya kwanza ya haki ilinyesha alfajiri na kumkuta Edina jikoni akihamisha unga kutoka kona hadi kona. Alifika kanisani na kitenge kibichi na hasira kavu. Kwaya iliimba, na Marita, kama kawaida, ndiye aliyekuwa anaipandisha sauti ya kwanza mpaka kwenye kenchi. Edina alimtazama kinywa kikifunguka na kufungika. Walipotoka, watu wakiwa bado wanapeana mikono pale nje, akasema kwa sauti ambayo hakuikusudia iwe kubwa hivyo:

"Wengine wanatuimbia vizuri hapa, na simu zangu ziko Zambia."

Hakutaja jina, na hakuwa na haja. Vichwa viligeuka vyenyewe. Marita alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo. Alikifunga polepole, akakiweka chini ya kwapa, kisha akashika njia ya nyumbani peke yake. Na Edina, badala ya kuona haya, alijisikia ameshinda. Mwenye haki angejitetea, alijiambia. Angepiga kelele.

Kuanzia siku ile waliokuwa wanapita kwa Edina kumsalimia walianza kupitia njia ya juu.

Siku ya kumi na moja Sadoki aliitisha kikao kwenye ghala la kikundi. Aliuliza ya nini watu kuviziana kwa macho wakati dawa imo kwenye barua yenyewe. Kampuni ililazimishwa kuandika tarakimu za kila simu, na kila simu inazijua tarakimu zake. Bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, zinatokea kwenye kioo. Kila mtu aje na simu yake.

Walikuja. Edina alikaa mbele, kwenye gunia tupu, na barua mapajani. Mmoja mmoja walisogea mezani, wakabonyeza, Sadoki akalinganisha na kuweka alama kwa kalamu nyekundu. Wa kwanza, amelipa miezi tisa. Wa pili, tisa. Wa tatu. Kila alama ilipowekwa Edina alihisi nafuu na hasira kwa pamoja, maana duara lilikuwa linambana anayemtaka. Wanane walipomalizika, mistari miwili ilikuwa imebaki: mmoja umelipwa, mmoja wa masifuri.

"Mzee Timotheo," aliita Sadoki.

Timotheo alisimama, mikono mitupu. Minong'ono ikaanza. Alijipapasa mfuko wa koti na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi kiasi kwamba ilikuwa karibu kuachana.

"Mimi nilirudisha," alisema. "Gibson alisoma kwamba una siku saba za kurudisha bila kulipa. Nikajiuliza, mtu gani anauza kitu halafu anakuonyesha na mlango wa kukirudishia? Nikaogopa. Siku ya tano nikampelekea. Akanipa hii."

Sadoki alilinganisha. Tarakimu za karatasi ile hazikuwamo kwenye orodha kabisa. Simu ya Timotheo ilikuwa imefutwa tangu Februari.

"Kwa hiyo amebaki mmoja," alisema Edina kwa furaha mbaya. "Na mnamjua."

Marita alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Alikuja mbele bila haraka. Alifungua fundo la kitenge chake, na ndani ya kitenge mlikuwa na taulo la mtoto, na ndani ya taulo boksi jeupe la simu, pembe zake zikiwa bado kali. Akalifunua. Simu ilikuwa inang'aa, na ile karatasi laini ya kiwandani ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo.

"Hujaitumia?" Sadoki alishangaa.

"Sijamaliza kulipa," alisema Marita. "Imebaki miezi mitatu. Kitu sijamaliza kulipa si changu. Nikikivunja nitamwambia nini mwenyewe? Kila mwezi naenda nalo boksi Mlowo, wanasoma hapo ubavuni, nalipa, narudi naliweka juu ya kabati." Alilifuta boksi kwa pindo la kitenge. "Niliona aibu kusema. Mngenicheka."

Hakuna aliyecheka. Sadoki alisoma ubavu wa boksi, akaweka alama. Miezi tisa, yote.

Mstari mmoja ulikuwa umebaki kwenye barua, peke yake, na sifuri zake.

"Basi ni Gibson!" Edina alisimama, gunia likaanguka. "Ameuza simu kwa mtu wa pembeni akaiandika kwangu! Nilijua. Tangu ile barua ya gundi nilijua. Nimempigia wiki nzima, namba yake haipo. Mpigieni mkubwa wake!"

Aliyekuwa na salio ni yeye mwenyewe, kwa hiyo walipiga kwa simu yake, wakaiweka mezani ikiwa imefunguliwa sauti. Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Gwakisa, wa kitengo cha mikopo, na alikuwa mpole hata ukashindwa kumchukia.

"Mama, kwa jina lako ulitia saini karatasi kumi na moja," alisema. "Moja ilirudishwa. Zimebaki kumi."

"Kumi za watu!"

"Na yako wewe ni ipi?"

"Yangu ni zawadi. Gibson alinipa zawadi."

"Zawadi huwa tunaiandika, mama. Masharti yanatubana siku hizi, ahadi yoyote iwe kwenye karatasi. Gibson hayuko nasi tangu Mei, na sisi tunaona saini tu. Pole sana. Zamani tungeizima siku ya tatu, na ungejua mwenyewe. Sasa haturuhusiwi mpaka barua ifike mkononi, na mbili za mwanzo zilirudi. Sanduku la posta ulilotupatia ni la marehemu, lilishafungwa."

Edina alikumbuka kifundo cha mkono kilivyomuuma. Karatasi kumi na moja. Alikuwa ametia saini kama anavyotia kwenye daftari la kahawa, moja baada ya nyingine, bila kuuliza hata moja. Yeye, mwenye kuuliza kila kitu.

"Huenda si hii," alisema alipokata simu, lakini alisema kwa sauti ndogo.

"Bonyeza," alisema Timotheo.

Alibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Tarakimu zilitokea, lakini miwani ilikuwa imebaki jikoni na macho yalikuwa yamejaa. Alimnyoshea Sadoki simu. Sadoki alikuwa ameshika barua na kalamu, hakuwa na mkono wa tatu. Aliyeipokea ni Marita.

Alizisoma kwa sauti ile ile ya kanisani, iliyo wazi, bila haraka na bila kukoleza. "Tatu. Tano. Nne. Sifuri. Saba." Sadoki alifuata kwa ncha ya kalamu. Mvua ilianza kudondoka juu ya mabati ya ghala. Marita hakuruka hata moja. Zilikuwa kumi na tano, na Edina alizisikia zote, na katika kila moja alikuwa anatamani wifi yake akosee. "Tisa. Mbili. Sita," alimaliza Marita.

Sadoki aliweka alama ya mwisho. Hakumtazama mtu.

"Nitalipa leo," alisema Edina. "Elfu tisini ipo, niliitenga ya fundi na mabati ya mwanzo. Nitapungukiwa mabati sita tu." Kisha hakuweza kujizuia, akamshika Marita mkono, hadharani, na machozi yakamtoka. "Wifi, nisamehe. Nilikusema mbele ya kanisa. Nimekukosea mno, nisamehe."

Marita hakuuondoa mkono wake. Alikuwa na huruma usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Nimekusamehe," alisema. "Mabati yakifika nitakuja na Sunday tukubebee kutoka barabarani, ile nyumba aliijenga kaka yangu, siwezi kuiona inalowa." Akamrudishia simu yake, akalifunga boksi lake kwenye taulo na taulo kwenye kitenge, akageuka kwa karani. "Lakini kahawa yangu, Sadoki, msimu ujao usiiandike 114. Nitafutie namba nyingine."

"Na yangu," alisema Timotheo.

Wengine walisogea tu, wakajipanga mstari mbele ya meza, na Sadoki akafungua daftari ukurasa mpya. Edina alisimama kando na simu mkononi, kioo kikiwa bado kinawaka na tarakimu zake kumi na tano.